Siku saba na bomba la gesi: kutoka Songo Songo hadi jikoni kwetu

Jumatatu. Manzese hadi Kilwa Kivinje

Mtungi umeisha alfajiri, uji wa mama ukiwa ndiyo kwanza unaanza kufuka. Moto uligeuka njano, ukasinyaa, ukazima. Mama aliuinamisha mtungi, akautikisa, akautegea sikio, kisha akaniambia nimtolee jiko la mkaa uani. "Nawe si unaifuata hiyo gesi ya baharini? Ukifika iulize mbona huku kwetu haiji." Nilimwahidi nitauliza.

Ana haki ya kuuliza. Manzese na Ubungo, hapa Dar es Salaam, ni jirani, na Ubungo gesi ya kisiwa cha Songo Songo inafika tangu mwaka 2004. Zaidi ya miaka ishirini sasa tunapita kando ya mitambo inayoiunguza kuzalisha umeme, halafu tunarudi nyumbani kuhangaika na mtungi.

Nianze na jambo moja mapema, maana nimekutana na watu wengi, hata wasomi, wanaoamini kwamba mtungi wa dukani umejazwa Mtwara. Gesi ya mtungi ni propani na butani. Ukiibana kidogo tu inageuka kimiminika, ndiyo maana inakaa mtungini na kubebwa na bodaboda. Hiyo tunaiagiza nje, inakuja kwa meli. Gesi yetu ya kusini ni methani, na methani haina tabia hiyo. Ili igeuke kimiminika sharti uipoze hadi nyuzi 162 chini ya sifuri. Kwa hiyo inasafiri kwa bomba, au inashindiliwa kwa presha kubwa sana kwenye mitungi minene kama ile ya magari. Pasipofika bomba wala gari la kuibeba, haifiki.

Basi la kusini lilitoka Mbagala Rangi Tatu saa moja kasoro. Njiani nilijizoeza kulitafuta bomba. Lenyewe limefukiwa, huoni chuma. Unachokiona ni mkuza, ukanda uliofyekwa unaokatiza mashamba ya mikorosho, wenye vigingi na vibao vya kukataza watu wasichimbe. Unauona, unapotea, unauona tena baada ya kilima. Nangurukuru tulishuka saa nane, nikachukua bajaji hadi Kivinje.

Jumanne. Kivinje hadi kisiwani

Mashua ilisubiri maji yajae. Nahodha, mzee mwenye kofia ya kiua iliyofifia, nilimwamkia shikamoo, akaniitikia marahaba na kuniuliza ninakwenda kwa nani. Nikamwambia ninaifuata gesi. Akacheka kidogo, akaniambia nikae mbele nisilowe.

Mizigo ilipakiwa kwa mpangilio ambao kila mtu aliujua isipokuwa mimi: unga na sukari katikati, kreti za soda nyuma, mabati mawili juu, na mbele, pembeni mwa miguu yangu, magunia sita ya mkaa yaliyoshonwa mdomo kwa kamba na majani. Niliyatazama njia nzima. Tunavuka bahari kupeleka mkaa kwenye kisiwa ambacho gesi ya kupikia inatoka chini yake. Nilimuuliza kijana aliyekuwa amekaa juu yake kama ni ya biashara. "Ya mama yangu mkubwa," akasema. "Kisiwani miti imekwisha."

Upepo wa kusi ulikuwa bado una nguvu. Bahari hapa si ya kina kirefu, na unapokaribia visiwa maji yanabadilika rangi, yanakuwa ya kijani kama glasi ya chupa, unaona miamba chini. Visiwa na mafungu haya ni ya wilaya ya Kilwa, mkoa wa Lindi. Songo Songo chenyewe ni kidogo kiasi kwamba unaweza kukizunguka kwa miguu kabla jua halijawa kali. Kitu cha kwanza kuonekana kutoka mbali ni minazi. Cha pili ni minara na matangi ya mitambo.

Jumatano. Songo Songo

Nimelala kwa mama mkubwa wa yule kijana. Usiku taa iliwaka bila kukatika, feni ikazunguka mpaka asubuhi. Umeme wa kisiwa unatokana na gesi inayotoka hapa hapa, na watu wake wanaujivunia, kwa haki. Kwenye visiwa vingi vya pwani hii usiku ni koroboi au sola ndogo.

Lakini jikoni ni mkaa. Asubuhi maji yalikuwa ya bamvua, yametoka mbali sana, wanawake na watoto wakashuka kuchokoa pweza. Mwenyeji wangu alirudi na watatu. Aliwapiga juu ya jiwe, mmoja mmoja, mpaka mkono wake ukachoka, akawaosha, akawatia sufuriani bila tone la maji. Pweza hujitolea maji mwenyewe. Mikono inajikunja, sufuria inageuka rangi ya zambarau. Muda wote huo, karibu saa nzima, alikuwa akipepea jiko kwa kipande cha boksi, macho ameyafumba nusu kwa ajili ya moshi wa makumbi aliyoyaongeza kusaidia mkaa. Kifua chake kilikohoa kwa mpangilio, kama mtu aliyezoea. Ukutani juu ya kichwa chake kulikuwa na soketi ya umeme.

"Kwa nini usipikie umeme, mama?"

"Umeme ni wa taa, mwanangu. Jiko la umeme linunue nani?"

Mchana nilikwenda hadi kwenye uzio wa mitambo. Ndani sikuingia; hilo linataka vibali ambavyo mimi mwandishi wa kawaida sina. Nilikaa kivulini na mzee mmoja aliyefanya vibarua enzi za uchimbaji, akawa ananionyesha kwa fimbo kipi ni kipi. Simulizi yake, nikiiunganisha na ninayoyajua, ni hii.

Mwaka 1974 kampuni ya Italia, AGIP, ilichimba hapa ikitafuta mafuta. Ikapata gesi. Wakati ule gesi peke yake haikuwa na soko, Waitalia wakaondoka, na Shirika la Maendeleo ya Petroli, TPDC, ambalo lilikuwa changa, likaendelea kuchimba visima vingine kuthibitisha kilichopo. Miaka ya 1980 kukawa na mpango wa kiwanda cha mbolea Kilwa kitakachotumia gesi hii. Haukutimia. Mpaka gesi ilipoanza kwenda Dar es Salaam mwaka 2004 ilikuwa imeshakaa miaka thelathini tangu ionekane. Mzee alikuwa kijana wa kuoa kisima cha kwanza kilipochimbwa, na gesi ilipoanza kuondoka alikuwa na wajukuu.

Visima vingine viko nchi kavu hapa kisiwani, vingine viko baharini. Gesi inakaa kwenye mchanga mgumu uliozeeka, zaidi ya kilomita moja na nusu chini, na inapanda kwa nguvu yake yenyewe kwa sababu huko chini imebanwa. Inapotoka huwa na mvuke wa maji na matone ya kondensati, yaani mafuta mepesi. Haiwezi kusafirishwa hivyo. Maji yakibaki ndani ya bomba yanakula chuma, na kwenye presha kubwa yanaweza kugandamana na gesi yenyewe yakawa mithili ya barafu yenye kuziba njia. Basi hupitishwa kwanza kwenye chombo cha kutenganisha, vimiminika vishuke, gesi ipande. Kisha hupita katika glikoli, kimiminika kizito kinachonyonya unyevu. Glikoli huchemshwa, maji yakatoka kama mvuke, ikarudi kazini. Gesi ya Songo Songo ni karibu methani tupu, haina salfa ya kusumbua. Kwa hiyo usafishaji wake si mzito kama wa gesi za nchi nyingine ambako huchanganyika na mafuta ghafi na sumu zake. Mungu ametupa kitu safi.

Kuna mitambo miwili: ule wa zamani uliokuja na bomba la 2004, na ule wa serikali uliojengwa pamoja na bomba kubwa la 2015. Kutoka hapa mabomba yanazama baharini, la zamani la inchi 12 na jipya la inchi 24, yanalala kwenye sakafu ya bahari kilomita kama 25 hadi Somanga Fungu. "Wavuvi wanalijua lilipo," mzee akasema, "hawatupi nanga pale."

Jioni nilirudi kumuaga mama mkubwa. Alinifungia pweza mkavu kwenye gazeti.

Alhamisi. Bado kisiwani

Bahari imekataa. Mawimbi makubwa tangu usiku, mashua zimefungwa. Nimeshinda msikitini na barazani, nimekula wali wa nazi. Nikisimama upande wa mashariki nasikia mngurumo wa mitambo chini ya sauti ya minazi. Wenyeji wanasema hawausikii tena.

Ijumaa. Somanga

Tulivuka alfajiri moja kwa moja hadi Somanga. Safari hii mashua ilikuwa nyepesi, samaki na pweza tu.

Somanga ndipo pa kushika moyo kwa mtu anayefuata bomba. Hapa Fungu gesi inatoka baharini. Hapa pia ndipo bomba la inchi 36 linalotoka Madimba, Mtwara, linapokutana na la Songo Songo, yakaenda pamoja kaskazini. Bomba zima la mwaka 2015, ukijumlisha na kipande cha baharini, ni kilomita zaidi ya 540, na lilijengwa kwa mkopo wa Benki ya Exim ya China, zaidi ya dola bilioni moja. Pana pia mtambo mdogo wa umeme wa gesi unaosaidia Kilwa na Rufiji.

Kijiji chenyewe kiko barabarani. Tangu nishuke hadi nilipokata tiketi nilihesabu magunia 41 ya mkaa yaliyopangwa kando ya lami yakisubiri malori ya Dar. Aliyeyauza mengi alikuwa dada mmoja mwenye mtoto mgongoni. Sikumlaumu hata kwa mawazo. Mkaa ndio uliomsomesha mkubwa wake.

Nilipata bahati ya kukutana na fundi wa mabomba, kijana wa hapa hapa aliyejifunza kazi wakati bomba likijengwa. Nikamwambia lile swali la mama yangu. Hakunijibu kwa siasa. Alichukua mpira wa maji wa mgahawa, akafungua bomba, akaubana mdomo kwa kidole mpaka maji yakaruka hadi ng'ambo ya barabara.

"Hili ndilo bomba kubwa, kaka. Presha yake ni makumi ya bar. Jiko la mama yako linataka sehemu ndogo sana ya bar moja. Ukitoboa ukaweka mpira kama watu wanavyodhani, hulishi jiko, unalipua mtaa." Kwa hiyo kila mahali unapotaka kushusha gesi inabidi ujenge kituo cha kupunguza presha, uipime, uitie harufu, maana methani haina harufu na ikivuja ndani hutajua, kisha utandaze mabomba madogo ya plastiki barabara kwa barabara, kibanda kwa kibanda, na mita kila nyumba. Kiwanda kimoja ni bomba moja, mita moja, mteja mmoja anayelipa kwa mwaka zaidi ya mtaa mzima. Nyumba mia tano ni mabomba mia tano na mabishano mia tano ya uani.

"Kuitoa baharini ni kazi ya wahandisi," akasema. "Kuiingiza jikoni ni kazi ya kila mtu, ndiyo maana inachelewa."

Nimeyafikiria maneno yake kutwa. Tulipoanza, nchi ilikuwa na mgao wa umeme unaoumiza, na gesi ikapelekwa kwenye turbini za kuzalisha umeme kwanza. Hilo nalielewa. Lakini sasa Bwawa la Nyerere, lenye megawati 2,115, limeanza kuzalisha huko juu ya Rufiji. Kama maji yanabeba mzigo wa umeme, gesi inapata nafasi. Hapo ndipo naona jikoni pana haki ya kudai zamu yake.

Usiku, gesti. Mama mmoja wa Mtwara aliyekuwa akisubiri basi la kwenda kwa binti yake alinisimulia mwaka 2013. Watu walikuwa wamepinga bomba tangu mwishoni mwa 2012, wakitaka kwanza waone viwanda na ajira kwao, na Mei 2013, siku bajeti ya nishati iliposomwa bungeni, mji ukawaka. Watu walikufa. Yeye alijifungia ndani siku tatu na watoto. Hakuongea kwa hasira. Aliniuliza tu kama huko Dar nyumba zote sasa zinapikia gesi ya Mtwara. Nikamwambia yangu haipikii. Akanyamaza muda mrefu.

Kilwa hupata ushuru wa huduma kutokana na mauzo ya gesi. Kilwa iliwahi kuishi kwa ushuru. Masultani wa Kilwa Kisiwani walitoza dhahabu ya Sofala, pwani ya Msumbiji ya leo, ilipopita mikononi mwao, wakajenga kwa matumbawe msikiti ambao bado umesimama. Dhahabu ilikuwa ya wengine, ilipita tu, lakini iliacha kitu. Nilikuwa nikiwaza hivyo mbu wakinizunguka.

Jumamosi. Rufiji hadi Mkuranga

Vipande vya barabara kati ya Somanga na Rufiji bado vinaonyesha makovu ya mafuriko ya mwaka 2024, mvua za masika zikifuatiwa na kimbunga Hidaya mwezi Mei, madaraja yalipokatika na kusini ikatengwa. Wakati ule malori yalisimama siku kadhaa. Bomba lenyewe linavuka bonde hili la Rufiji chini ya ardhi. Daraja la Mkapa tulilivuka mchana, mto ukiwa mpana na mtulivu, rangi ya chai ya maziwa.

Mkuranga nilishuka kwa makusudi. Nilikuwa nimesikia kwamba hapa, kama kule Mnazi Mmoja Lindi, Wakala wa Nishati Vijijini na TPDC waliunganisha nyumba za watu wa kawaida. Rafiki alinipeleka kwa shangazi yake.

Nyumba ya tofali, bati, mpapai mlangoni. Ukutani upande wa nyuma pana kisanduku cha chuma chenye mita, kimo cha kiuno, na bomba jembamba linaloingia dirishani mwa jiko. Basi. Hakuna mtungi. Nilijikuta nautafuta mtungi kwa macho, mazoea ni kitu kibaya.

Shangazi aligeuza kitasa, akawasha kiberiti. Moto ulishika kwa mlio mdogo, pfu, ukasimama duara zima, bluu, vidole vyake vyote sawa, bila moshi. Akabandika maharage. Tukatoka tukaenda kukaa barazani kuzungumza. Hilo ndilo nililoliona zaidi ya moto wenyewe: alibandika maharage akaondoka. Hakupepea. Hakuinama kuchungulia. Mara moja tu katikati ya mazungumzo alinyanyuka kupunguza moto, akarudi. Maharage ya saa mbili, na yeye ameketi, amenyoosha miguu, ananisimulia harusi ya binti yake.

Nilimuuliza kama hakuogopa mwanzoni. Alisema mwezi wa kwanza alilala madirisha wazi, na kila akinusa kitu alimwamsha mumewe. Walifundishwa kwamba ile harufu mbaya inatiwa makusudi ili iwe mlinzi wao. Sasa anaogopa mkaa zaidi. Mdomo wa jiko uliwahi kumuunguza mjukuu.

Ng'ambo ya njia, hatua labda thelathini, jirani yake alikuwa akipasua kuni. Hakuwa kwenye awamu ile. Kila jioni anakuja kuchemshia chai ya mgonjwa wake hapa kwa shangazi.

Serikali imejiwekea lengo kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia. Sehemu kubwa ya lengo hilo huenda ikabebwa na mitungi, maana mtungi unafika hata pasipo na barabara ya lami. Sina ugomvi na mtungi kijijini Ngara. Lakini kwa mtu anayeishi kwenye mkuza, Somanga, Kibiti, Mkuranga, Mbagala, kuletewa mtungi uliovuka bahari huku methani ikipita chini ya shamba lake naona ni kumpa nusu ya kilicho chake.

Jumapili. Ubungo hadi Manzese

Nimefika Ubungo saa tisa mchana. Bomba la zamani la inchi 16 linakuja kilomita 207 kutoka Somanga kuishia hapa, na tawi lake likaenda Wazo Hill kwenye kiwanda cha saruji. Karibu na hapo bajaji zimepanga foleni ya kujaza gesi, madereva wamelala kwenye viti vya nyuma miguu nje. Nilizungumza na mmoja aliyekuwa pale tangu saa nne asubuhi. Hata hivyo asingerudi kwenye petroli, alisema, gesi inamwachia hela ya kula.

Kisha nikafanya nililolipanga tangu kisiwani. Nilisimama penye uzio wa mitambo, nikatazama saa, nikaanza kutembea kwenda nyumbani. Shekilango. Urafiki. Manzese. Nikakata kichochoro cha msikiti, nikapita kwa fundi cherehani. Dakika 37, na begi mgongoni.

Mama alikuwa uani. Mtungi ulikuwa umesimama pale pale nilipouacha, bado mtupu, na jiko la mkaa limechochewa lakini halijashika vizuri. Nilimwamkia, nikampa pweza. Alilifungua gazeti, akanusa, akafurahi.

"Na ile gesi umeiuliza?"

Nikamwambia nimeiuliza, na jibu ni refu. Akanisogezea kigoda na kipepeo. Nikakaa, nikaanza kupepea, nikamsimulia tangu kwenye mashua.